Mali ya Mzee, Mshauri wa Nani?

Kenya haitozi kodi ya urithi. Ile iliyoachwa na wakoloni ilifutwa mwaka 1982, na tangu hapo mtu akifa akiwa na eka moja au eka mia, hazina ya serikali haidai fungu lake kwa sababu tu mwenye mali amekufa. Uingereza mambo ni mengine. Mali ya marehemu ikivuka pauni 325,000, kinachozidi hapo hukatwa asilimia 40, ukiacha misamaha kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi ya mshauri wa fedha wa familia tajiri kule ni kutafuta njia halali za kulikwepa panga hilo. Kijana aliyeisoma kazi hii kwenye vitabu vya London au New York, kisha akafungua ofisi Runyenjes, atagundua mapema kwamba adui aliyefunzwa kupambana naye hayupo. Hata kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, hailigusi shamba la kilimo la mtu binafsi lisilofika eka 50 na lililo nje ya mji. Na bado mali inapotea. Inapotea kati ya siku mzee anapozikwa na siku watoto wanaposhika hati zao, muda ambao unaweza kuwa mwaka mmoja au miaka thelathini. Ninachodai ni kwamba kazi ya mshauri wa fedha kwa familia zenye uwezo huku Embu Mashariki ipo, tena ni kubwa, ila ni kazi ya mirathi kwanza na ya uwekezaji baadaye. Namna anavyofunzwa, anavyopewa leseni na hasa anavyolipwa mshauri huyo inamsukuma aifanye kazi nyingine kabisa.

Tuanze na mali yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Ukisema familia tajiri Runyenjes, usimfikirie mtu mwenye hisa za nchi kumi na ofisi ya watu watatu wa kuzihesabu. Mji huu umekaa kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, juu yake kuelekea msitu wa Mlima Kenya kuna chai inayokwenda viwanda vya Rukuriri na Mungania, katikati kuna kahawa na makadamia, na ukishuka kuelekea Mbeere ardhi inakauka na muguka unaanza kutawala. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, kwa majaribio, katika miaka ya 1930. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulileta kahawa kwa wengi na hati miliki za mtu mmoja mmoja badala ya ardhi ya ukoo, na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ikafuata mwaka 1964. Waliofaidi zaidi ni wale waliokuwa na mshahara juu ya shamba: walimu, makarani, wenyeviti wa vyama vya ushirika. Walitumia mshahara kununua eka za jirani aliyekwama, kisha ploti Runyenjes na Embu mjini, kisha nyumba za kupangisha Nairobi. Kwa hiyo tajiri wa hapa ana eka kadhaa za chai, miti ya kahawa, vyumba vya kodi, akiba kwenye Sacco, na pengine hisa za KenGen alizonunua mwaka 2006 na za Safaricom alizonunua kwa shilingi 5 mwaka 2008 na kuzisahau. Thamani yake yote inaweza kuandikwa kwa makumi ya mamilioni. Fedha taslimu anazozishika ni malipo ya chai ya kila mwezi, bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, malipo ya kahawa yanapokuja, na kodi za wapangaji.

Sasa mwenye mali hiyo akifa bila kupanga, hali huwa hivi. Familia inaanza kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja walioachwa. Fomu zinapelekwa mahakamani, kwa hakimu wa Runyenjes kama thamani ya mali iko ndani ya uwezo wake, au Mahakama Kuu ya Embu kama imezidi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 imeweka kikomo cha juu kabisa kuwa shilingi milioni 20. Tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita kabla mgawanyo haujathibitishwa. Ardhi ya kilimo ikiwa itakatwa vipande vyenye hati tofauti, bodi ya kudhibiti ardhi nayo lazima itoe idhini, kisha mpima ardhi, kisha ofisi ya ardhi. Hii ndiyo hali njema, ambapo hakuna aliyepinga. Wakati huo wote majani ya chai yanaendelea kuchumwa na kupimwa kwa namba ya marehemu, mizani inatoa risiti yenye jina la mtu aliyekwisha kuzikwa, na malipo yanaingia kwenye akaunti ambayo mjane haruhusiwi kuigusa. Anayetaka mbolea anakopa. Anayetaka karo anakopa. Wakili na mpima ardhi nao wanataka chao, na kwa kuwa hakuna fedha taslimu, familia inauza kipande cha ardhi ili ipate uwezo wa kugawana ardhi iliyobaki.

Hiyo ni familia yenye utulivu. Isiyo na utulivu inaweza kuwa kama ile ya Mbiyu Koinange, waziri wa enzi za Kenyatta aliyefariki mwaka 1981, ambaye kesi ya mirathi yake ilivutwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 30 huku baadhi ya warithi wakifa bila kuona mwisho wake. Ukubwa wa mali yake hauna mfano Runyenjes, ila mwendo ni ule ule. Na pale ambapo hakuna ugomvi kuna usahaulifu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa mwaka 2011 kwa sababu mabenki, kampuni za bima na kampuni za hisa zilikuwa zimekalia mabilioni ambayo wenyewe walikufa au walihama bila kumwambia mtu. Ukiuliza fedha hizo zilipotelea wapi, jibu mara nyingi ni droo ya mzee ambayo hakuna aliyejua ina nini. Kisha kuna hesabu ya vipande. Eka 8 za chai zikigawanywa kwa watoto sita, kila mmoja anapata eka moja na theluthi. Kila mmoja wao akiwa na watoto wanne, mjukuu anapata theluthi moja ya eka. Hakuna riba ya hati fungani wala faida ya hisa inayoweza kufidia hasara ya namna hiyo ikishatokea.

Kwa hiyo mshauri anayestahili ada yake hapa ni yule anayefika kabla. Kazi yake ya kwanza ni orodha tu: hati zote, namba za chai na kahawa, akaunti, bima, hisa, madeni, na nani anadaiwa nini. Inaonekana kazi ya karani, lakini ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Inayofuata ni fomu za uteuzi wa mrithi. Sheria ya Vyama vya Ushirika inaruhusu hisa na akiba za mwanachama aliyefariki kulipwa moja kwa moja kwa aliyeteuliwa, na pensheni na bima ya maisha zina fomu za aina hiyo. Mzee aliyejiunga na Sacco akiwa kijana asiye na mke, akamteua mama yake, na hajaigusa fomu ile tangu siku hiyo, ana tatizo linaloweza kumalizwa kwa kalamu katika dakika chache. Kuna umiliki wa pamoja wa mume na mke, ambapo mmoja akifa shamba linabaki kwa mwenzake bila kesi ya mirathi. Kuna kumgawia mtoto akingali hai baba, kwa hati, si kwa kumwonyesha mpaka kwa fimbo. Kuna wosia wa maandishi. Na kuna bima ya maisha ya kiasi, si ya kutajirisha mtu, bali ya kuweka taslimu mezani wiki ile ile familia inapoihitaji ili pasiuzwe shamba. Hati fungani za serikali zinaweza kufanya kazi ya karibu na hiyo kwa mwenye akiba. Tangu mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu uanze mwaka 2023, mtu wa Kyeni, huku huku Embu Mashariki, anaweza kununua kwa simu yake kuanzia shilingi 50,000 bila kupanda gari kwenda Nairobi. Hapo uwekezaji unaingia, lakini unaingia kwa sababu ya mirathi.

Kwa nini basi kazi hii haifanywi? Kwanza tazama kadi za watu wanaojiita washauri wa fedha. Kampuni kadhaa za bima zinawapa mawakala wao cheo hicho hicho, na wakala hulipwa kamisheni anapouza, kubwa yake ikiwa ya mwaka wa kwanza. Dalali wa ploti naye hujiita mshauri. Wasimamizi wapo: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inatoa leseni kwa mshauri wa uwekezaji, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inamtazama wakala, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu inatazama pensheni, na tangu sheria ya mwaka 2015 wachambuzi wa fedha na uwekezaji wana taasisi yao ya kitaaluma, ICIFA, inayowapokea waliofaulu mitihani ya KASNEB. Kila mmoja analinda bidhaa yake. Kazi ya kukaa na familia na kupanga mali isiyo bidhaa ya mtu yeyote, yaani shamba na ploti, haina mlinzi wala mtahini. Mtu anaweza kufaulu kila mtihani wa hesabu za hati fungani na asijue bodi ya ardhi inakaa kwa ajili gani. Silaumu mitihani hiyo. Ilitungwa kwa ajili ya Nairobi, ambako wapo wateja ambao mali yao ni karatasi. Ila mhitimu akirudi nyumbani na cheti chake, ananunuliwa haraka na kampuni ya bima, na kufikia mwaka wa pili anapimwa kwa idadi ya sera alizouza.

Namna ya pili ya malipo, ile ya matajiri wa Ulaya na Marekani, ni mshauri kuchukua asilimia ya mali anayoisimamia, mara nyingi asilimia moja kwa mwaka au karibu na hapo. Ijaribu Runyenjes kwa mfano wa kubuni. Familia ina mali ya shilingi milioni 60, karibu yote ardhi na majengo. Asilimia moja ni shilingi 600,000 kila mwaka, na hiyo itoke kwenye malipo ya chai na kodi za vyumba? Zaidi ya hayo, mshauri huyo haisimamii ardhi. Hawezi kuiuza asubuhi na kununua nyingine jioni. Atakachofanya, kama ana njaa, ni kuishawishi familia iuze eka mbili ili fedha zije mahali anapoweza kuzitoza. Malipo yanayoingia akilini ni ada ya kazi, kama anavyolipwa mpima ardhi: kiasi kinachojulikana kwa orodha, kingine kwa mpango, kingine kidogo kwa kuurudia kila mwaka, na kidaiwe bonasi inapoingia. Si fedha nyingi. Familia arobaini au hamsini za namna hiyo kati ya Embu mjini na Chuka zingeweza kumweka mtu mjini bila kumtajirisha, na nadhani hilo ni jambo la heri, maana mshauri anayetajirika haraka kwenye uchumi wa majani ya chai lazima kuna mahali anapozitoa.

Hapa litakuja pingamizi la kwanza, kwamba kazi hiyo ni ya wakili na wakili yupo, hatua chache kutoka mahakamani. Ni kweli nusu. Wosia na hati ni vya wakili, na mshauri anayejiandikia wosia wa mteja wake anaita matatizo. Lakini wakili huitwa mambo yakishaiva, mara nyingi baada ya kifo, na kesi ndefu haimwumizi kama inavyomwumiza mjane. Wakili ataandika kwamba shamba liende kwa watoto sita. Hataulizwa kama eka moja na theluthi ya chai inatosha kulipa mchumaji, au kama ingekuwa heri wawili waliobaki kijijini wawanunulie fungu wale wanne walioko Nairobi na Marekani, kwa mkopo wa Sacco wa miaka kadhaa. Hilo ni swali la fedha, na linataka mtu wa fedha anayejua bei ya kilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mzee hataki. Kuzungumza mirathi akiwa hai kunaonekana kama kumhesabia siku, na mtoto anayeanzisha mazungumzo hayo anaonekana ana haraka. Wengine husema mambo haya yana wenyewe, yaani wazee wa ukoo, na kwamba mzee alishasema mbele yao nani akae wapi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ina jibu kavu kwa hoja hiyo. Wosia wa mdomo unakubalika ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema akifa ndani ya miezi mitatu. Maneno yaliyosemwa miaka kumi iliyopita kwenye kikao cha ukoo, hata kama kila aliyekuwapo anayakumbuka, hayawezi kusimama kama wosia. Sidharau kikao hicho. Kwa kawaida ndiko ukweli wa mipaka ulipo, na mshauri mwenye busara atataka wazee wawepo na karatasi itiwe saini siku ile ile. Mwiko wa kutaja kifo nao si wa milele. Watu wale wale wanaokataa kuandika wosia hulipa bila ubishi michango ya mazishi ya kikundi chao mwaka mzima. Wanachokataa kwa kweli ni kuwaambia watoto nani anapata nini, na hiyo si imani, ni hofu ya ugomvi.

Na hofu hiyo ina msingi, jambo linalonifikisha kwenye sehemu ngumu ya kazi hii: mteja ni nani? Anayelipa ni mzee. Anayetoa siri ni mzee. Lakini kazi itapimwa na watu ambao hawakuwepo chumbani: mjane, mabinti, mtoto wa nje ambaye nyumba kubwa haijui jina lake. Sheria haimwachi mzee afanye apendavyo kabisa. Wosia upo, ila kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kuurekebisha ikiwa tegemezi wa marehemu hakuachiwa cha kutosha, na mtoto aliyemkubali au aliyekuwa akimlea anaweza kuhesabiwa tegemezi. Asipoandika wosia, watoto hugawana sawa, wa kike na wa kiume. Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi katika kesi ya Rono mwaka 2005, na Katiba ya 2010 ikakaza msumari. Mshauri anayechora mpango wa kuwapa wana watatu shamba na kuwapa mabinti baraka, kwa kuwa ndivyo mzee alivyotaka, ameandaa kesi na kulipwa kwa kuiandaa. Anayejua kuna nyumba ya pili Mbeere na akanyamaza, anajua pia kwamba itajitokeza siku ya mazishi. Sioni namna ya heshima ya kuifanya kazi hii isipokuwa mshauri amwambie mzee tangu siku ya kwanza kwamba siri atazitunza, lakini mpango unaotegemea siri kubaki siri hatautengeneza. Atapoteza wateja. Wengine watamwona kijana asiye na adabu. Hiyo ndiyo gharama halisi ya taaluma hii.

Wapo wanaoamini chombo kizuri cha kisheria kitamaliza yote. Mwaka 2021 sheria ilitambua rasmi amana za familia (trust), na tangu hapo zimekuwa mtindo kwenye semina za hoteli. Amana ni nzuri mahali pake, hasa penye majengo ya kupangisha ambayo hayafai kukatwa vipande. Lakini Njenga Karume, mfanyabiashara tajiri aliyefariki Februari 2012, aliacha wosia na amana iliyoandikwa na watu wanaojua kazi yao, na bado watoto walikwenda mahakamani dhidi ya wadhamini. Kampuni ya familia nayo haikwepi bodi ya ardhi, kwa sababu kuuza hisa za kampuni binafsi yenye shamba la kilimo kunahitaji idhini ile ile. Watu wakiwa hawajakubaliana, chombo huwapa tu kitu kipya cha kugombania.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwa nini mtu amwamini mshauri yeyote? Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2008, mfuko wa fidia haukumlipa mwekezaji zaidi ya shilingi 50,000. Chase Bank ilifungwa Aprili 2016. Mifuko ya Cytonn iliyokwama mwaka 2021 ikiwa na zaidi ya shilingi bilioni 10 za watu haikuwa chini ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, jambo ambalo wengi walioweka humo walilijua baadaye. Mkulima aliyeyasikia haya akiamua kuzika kila shilingi kwenye ploti, hafanyi ujinga. Ploti haijawahi kumpigia simu kumwambia kwamba malipo yamesimamishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba katika maafa hayo yote mshauri alikuwa ameshika fedha, au alilipwa na aliyezishika. Mshauri wa mirathi hana haja ya kugusa hata senti. Familia ikimpa karatasi za kusoma na kumnyima saini yoyote benki, hata akigeuka mwizi hana cha kubeba.

Ni nani basi anayeweza kuianza kazi hii bila kufa njaa miaka mitatu ya mwanzo? Benki haziwezi, madawati yao ya wateja wakubwa yako miji mikubwa na yanatazama akiba taslimu. Walio karibu zaidi ni Sacco, akina Nawiri, Winas na Daima, ambazo tayari zinalijua jina la mkulima, malipo yake, mkopo wake na nani aliyemdhamini. Sacco inaweza kumwajiri mtu huyu kwa mshahara na kuiuza huduma yake kwa ada ndogo. Tatizo lake liko wazi: Sacco inapenda akiba ziingie kwake, na meneja wa tawi atataka kila mpango uishie na mkopo. Kizuizi pekee ninachokiona ni ajira ya mshauri kuwekwa chini ya kamati ya usimamizi inayochaguliwa na wanachama, mbali na idara ya mikopo, na asipewe bonasi kwa mkopo wowote. Jambo la kwanza analoweza kupewa kufanya halihitaji sheria mpya wala ruhusa ya Nairobi: kupitia fomu za warithi za wanachama waliopita miaka sitini, moja moja, na kumpigia simu kila aliyemteua mtu ambaye ameshafariki.